Kitabu Kisicho na Pembezoni

Wanafunzi wake wa zamani walimwita Mama Tahadhari, na hawakumwonea. Shangazi, kama alivyoitwa nyumbani, akikuona umeshika kisu cha kukatia vitunguu, lazima akwambie ncha ielekee wapi. Ukiingia bafuni kwake, utasikia sauti kutoka sebuleni ikikuonya kwamba sakafu inateleza. Alifundisha kutengeneza sabuni tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi wake aliyeungua hata kidole. Hilo alilijivunia kuliko vyeti vyote alivyotundika ukutani, na vyeti alikuwa navyo vingi.

Alipostaafu akaandika kitabu. Hakikuwa kinene, lakini kilimtoa jasho. Kila sura ilieleza sabuni ya aina yake, ya kipande, ya maji, ya kufulia, na kila ukurasa ulikuwa na pembezoni pana. Humo pembezoni ndimo alimoweka tahadhari zake, kwa herufi nene na kwa ulimi wake mwenyewe. "Wewe unayecheka, vaa miwani kwanza." "Sufuria ya alumini irudi jikoni, hapa haina kazi." "Maji kwanza, soda kali baadaye. Ukigeuza, usinililie." Meneja wa kampuni ya uchapishaji alimsihi aziingize tahadhari ndani ya maelezo kama waandishi wengine, ili kitabu kionekane nadhifu. Shangazi akakataa katakata. Alisema mtu mwenye haraka huruka mistari, lakini jicho haliwezi kuruka kitu kilichosimama peke yake pembeni. Walivutana mpaka meneja akanyoosha mikono.

Kitabu kikatoka, watu wakakisifu, kisha kimya. Na sasa, baada ya miaka kadhaa, meneja alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba nakala za mwisho ziliisha zamani na kampuni haioni sababu ya kuchapisha nyingine.

"Hakuna anayekiulizia, mama," alisema kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. "Kitabu ni kizuri, sikatai. Ila vyuo havikihitaji tena."

Shangazi alijikaza kisabuni, akashukuru, akakata simu. Halafu akakaa kitandani akalia. Tusidanganyane: alilia, tena si kidogo. Kuambiwa umezeeka si kitu, hata kioo hukwambia kila asubuhi. Lakini kuambiwa kwamba ulichokijua maisha yako yote hakina mtu anayekitaka, hilo ndilo lililomliza.

Kesho yake asubuhi alikuta simu imesahauliwa kwenye kochi lake. Ilikuwa ya binti wa marehemu kaka yake, aliyempitia mchana wa siku iliyotangulia kumsalimu, kabla meneja hajapiga. Shangazi ndiye aliyemlea binti huyo tangu akiwa darasa la pili, akamfundisha kazi, na leo naye alikuwa mwalimu wa sabuni katika chuo cha ufundi upande wa pili wa mji. Shangazi alijifunga kitambaa chake cha kutokea, akaitia simu mkobani, akaondoka kumpelekea. Kusema kweli alitaka pia mtu wa kumlilia kuhusu kitabu chake.

Karakana ya sabuni ilikuwa nyuma ya chuo, chumba kirefu chenye meza za vigae na madirisha yaliyofunguliwa mpaka mwisho kutoa harufu. Wanafunzi walikuwa wamejigawa makundi. Mwalimu alikuwa ameinama kwenye meza ya mbali, akiwaonyesha wengine jinsi ya kupima mafuta, na hakumwona aliyesimama mlangoni.

Shangazi hakumwita. Macho yake yalikuwa yametua kwenye meza ya karibu, juu ya furushi la karatasi lililobanwa kwa pini. Ukurasa wa juu ulikuwa na picha ya ndoo. Mkono wa ndoo hiyo ulikuwa umelegea upande mmoja, maana aliyeichora hakuwa anajua kuchora, na aliyeichora alikuwa yeye. Akatazama meza ya pili: furushi. Ya tatu: furushi. Chumba kizima kilikuwa kinasoma kitabu chake!

Furaha na hasira vilimpanda kwa pamoja vikagombania mlango mmoja. Kilikuwa kinasomwa. Kilikuwa kimechakaa kwa kusomwa, kina madoa ya mafuta na alama za vidole, kama kitabu cha ufundi kinavyotakiwa kuwa. Lakini hakikuwa na jalada, hakikuwa na jina, na kila karatasi ilikuwa imebeba kurasa mbili zilizobanana hadi ukingoni. Alikuwa bado anajiuliza kipi kimepungua zaidi ya hapo alipomwona binti mrefu wa meza ya karibu akiinua jagi la maji. Chini yake palikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo, vipande vyeupe vya soda kali, ile kemikali ya sabuni inayounguza ngozi, vimelala vikavu vikimsubiri.

"Weka jagi chini!"

Sauti ile haikuwa imestaafu. Chumba kizima kiliganda. Mwalimu aliangusha kijiko. Yule binti akaweka jagi chini polepole, macho yamemtoka.

"Nani kakwambia umimine maji juu ya soda?" Shangazi alikuwa tayari ameshamfikia na kuisogeza ndoo mbali naye. "Unataka ikurukie usoni? Itachemka papo hapo, mwanangu, ikutapikie macho!"

"Samahani, bibi," binti alisema, akiinyanyua karatasi yake. "Somo lililopita sikuwepo, nilikuwa naumwa. Leo nimefuata karatasi. Karatasi inasema changanya soda na maji."

Shangazi akaichukua karatasi na kuisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ni kweli, ilisema hivyo. Maelezo ya katikati yalisema changanya soda na maji, na utaratibu wa kipi kitangulie ulikuwa pembezoni, kwa herufi nene. Pembezoni hapakuwepo. Palipokuwa na onyo palikuwa na ukingo wa karatasi, na nusu ya herufi moja iliyokatwa.

Alifungua ukurasa mwingine, na mwingine. Zote zilikuwa zimenyolewa.

Mwalimu aliwapa wanafunzi mapumziko, akamshika shangazi mkono, akampeleka stoo palipowekwa madumu ya mafuta. Alifunga mlango, na hapo shangazi akampa vidonge vyake.

"Hiki ni kitabu changu."

"Ndiyo, Shangazi. Si ndicho kitabu chetu?"

"Chetu! Tulikiandika wote? Wewe ulikuwa unanishikia taa?"

"Shangazi, mimi naomba ruhusa nikiingia jikoni kwako? Naomba ruhusa nikivaa kanga yako? Nilikiona ni kitu cha nyumbani." Mwalimu alikuwa anajitetea kwa uso wa mtu ambaye kweli haoni kosa. "Tena madukani nilikitafuta, hakipo. Mara ya kwanza nilitoa nakala ya sura moja tu, ya somo la siku hiyo. Wakaipenda. Muhula uliofuata nikatoa sura tatu. Mwisho nikampa mwenye fotokopi kitabu kizima, nikamwambia abane karatasi, kwa sababu hawa watoto hawana kitu. Naye akabana."

"Akabana mpaka akakata pembezoni. Na wewe hukuona?"

"Mimi maonyo yako ninayo kichwani tangu utotoni. Huwa nawaambia kwa mdomo tunapoanza kila sura." Akageukia upande wa darasa. "Huyu hakuwepo siku niliyosema."

Hapo ndipo kosa lilipomfikia. Shangazi aliliona likimfika, kwanza machoni, kisha mabegani. Mwalimu aliketi juu ya dumu akafunika uso kwa mikono. Hasira ya shangazi ilitafuta pa kushika isipate. Huyu ndiye mtoto ambaye zamani yeye mwenyewe alimkagua kucha kabla ya kumruhusu kukoroga.

"Ni hapa tu?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Walimu wa vyuo vingine nao huja kuchukua kwangu. Wanasema hakuna kitabu kingine kinachoeleweka kama hiki."

Shangazi alivuta dumu lake, akakaa. Kumbe hiyo ndiyo sababu ya ule ukimya wote. Kitabu hakikuwa kimekosa watu. Watu walikuwa wamekipata kwa mlango wa nyuma, na mwenye mlango huo alikuwa ni wa damu yake.

"Jana wameniambia hawatakichapisha tena," alisema. "Wanasema hakuna anayekihitaji. Nimelia usiku kucha kama mjinga, kumbe mnakisoma mji mzima!"

Akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, na Mwalimu, asijue acheke au alie, akafanya vyote viwili.

Kesho yake walikwenda pamoja kwenye kampuni ya uchapishaji. Mwalimu alitaka kuingia ofisini, shangazi akamkataza. Alimwambia akae kwenye benchi la mapokezi na afunge mdomo, kwa sababu meneja akijua ni chuo gani na ni mwalimu gani, kazi inaweza kuota mbawa. Kisha akaingia peke yake, akaliweka furushi la fotokopi mezani juu ya makaratasi mengine yote.

"Ulisema hakuna anayekihitaji. Haya, tazama."

Meneja alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyoteremka puani. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, na upole ukawa unapungua kadiri anavyofunua.

"Mama, huu ni wizi."

"Huo ni usomaji."

"Ni vyote viwili, basi. Sikiliza. Mwalimu akinakili kurasa chache za somo lake, akataja zilikotoka, akawapa wanafunzi wake bure, mimi sina neno naye. Ndiyo kazi ya mwalimu hiyo. Lakini huyu kachukua kitabu kizima, katupa jalada, katupa jina lako, anasambaza kila muhula. Hapo ameshatoka kwenye kufundisha, ameingia kwenye kazi yangu." Akavua miwani. "Ni chuo gani?"

"Nimekuletea wasomaji, wewe unaniuliza chuo."

"Nisikilize vizuri. Ukinitajia chuo, nitawaandikia kupitia mwanasheria. Watalipa. Na kwa malipo hayo hayo nitakichapisha kitabu chako upya, jalada jipya, karatasi nzuri, pembezoni zako zote pana kama unavyozipenda. Naweka ahadi hiyo kwa maandishi sasa hivi. Unachotakiwa ni kutaja jina moja tu."

Shangazi alitazama kabati la vitabu nyuma ya meneja. Alikiona chake, nakala moja, imebanwa kati ya vitabu vinene. Alikitaka. Nani angemlaumu? Alikitaka kitabu kile kama mtu anavyomtaka mtoto aliyekwenda mbali arudi nyumbani, na alijua kwamba umri wake haumruhusu kuandika kingine. Jina moja tu. Tena si uongo, ni kweli tupu, na kosa lilikuwa limetendeka. Alifikiria lile benchi la mapokezi na aliyekaa juu yake.

"Sitaji," alisema.

"Basi mimi sina la kufanya, mama. Kitabu kitabaki kilipo."

"Na kibaki." Alisema hivyo kwa ukali, akainuka na kuufunga mkoba wake.

Mlango ukafunguliwa. Kuta za ofisi ile zilikuwa za mbao nyembamba, na mtu wa benchini alikuwa amesikia kila neno.

"Ni mimi," Mwalimu alisema.

"Wewe mtoto, nilikwambia nini?"

"Shangazi, niache niseme." Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa na mkuu wa shule. Alijitambulisha, akataja chuo chake, akaeleza alivyofanya tangu sura ya kwanza hadi kitabu kizima, na jinsi walimu wa vyuo vingine walivyochukua nakala kwake. Hakujipunguzia kitu. "Jana mwanafunzi wangu alikaribia kuungua uso kwa sababu ya ubahili wangu wa karatasi. Hiyo kesi unayotaka kunifungulia haiwezi kunitisha kuliko lile jagi. Leo mchana nitakwenda kwa mkuu wa chuo nimweleze mwenyewe, anifanye anavyotaka. Lakini nikishatoka kwake, nitabaki na darasa, na sina kitabu cha kununua. Dukani hakipo. Ninyi hamchapishi. Niambie, nifundishie nini?"

Meneja alivaa miwani yake tena.

"Na hao walimu wengine wanaochukua kwako," aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa imeanza kunusa biashara, "ni wa vyuo vingi?"

"Karibu vyote vinavyofundisha sabuni. Nawajua wote. Nikiwaambia kwangu hakuna tena fotokopi, ila kitabu kinapatikana kwa bei ambayo chuo kinaweza, wataagiza."

"Umesikia?" Shangazi alikuwa amekaa tena. "Hiyo siyo kesi, mwanangu. Hiyo ni oda. Ukimpeleka mahakamani utapata pesa ya mara moja na vyuo vyote vitakuogopa kama ukoma. Ukimuuzia, utamuuzia kila muhula."

Meneja alicheka, japo hakutaka. Alisema yeye ni mtu wa vitabu, siyo polisi, na kwamba mwanasheria wake mwenyewe humchosha. Wakakaa wakaongea kama watu wazima. Mwisho wa maongezi aliandika kibali: Mwalimu aruhusiwe kunakili zile sura za muhula huu tu, kwa darasa lake tu, bila kuuza, na kila nakala ibebe jalada na jina la mwandishi, na isikatwe hata ukucha wa ukurasa. Vyuo vikiagiza, kitabu kitarudi mtamboni, toleo la bei nafuu. Visipoagiza, kila mmoja ashike njia yake bila lawama.

Mkuu wa chuo alifoka, tena alifoka sana, akampa Mwalimu onyo kali. Kisha akaomba aonyeshwe hicho kitabu, akakaa nacho, na alipokirudisha alikuwa ameshasaini oda ya maktaba. Vyuo vingine vikafuata, kimoja kwa mbwembwe, kingine kwa kusukumwa. Yule binti mrefu alimtengenezea Mama Tahadhari kipande cha kwanza cha sabuni yake. Kilikuwa kimepinda, lakini povu lilikuwa zuri, na shangazi alimwambia yote mawili.

Siku ya kukagua kurasa kabla ya kuchapa, meneja aliwaita wote wawili ofisini. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi. Alitandaza kurasa mezani, safi, na pembezoni zake zilikuwa pana kuliko zamani, zile tahadhari zimesimama peke yake kwa herufi nene.

"Nimetimiza ahadi," alisema. "Sijagusa hata moja. Umeshinda, mama."

Shangazi alivaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza wa ile sura ya soda, akapitisha kidole taratibu juu ya pembezoni zake, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu nyekundu."

Alichora duara kuzunguka tahadhari, akavuta mshale kutoka pembezoni mpaka katikati ya maelezo, pale penye maneno ya kuchanganya soda na maji. Akageuza ukurasa, akachora duara jingine, mshale mwingine. Meneja alimtazama kama anayeona mtu akibomoa nyumba yake mwenyewe.

"Mama, tuligombana kwa ajili ya hizi pembezoni! Ulitaka kunitoa roho!"

"Nakumbuka. Nilikuwa nimekosea, nawe usishangilie." Hakuinua macho. "Kitabu hiki kitatolewa fotokopi tena. Siyo na huyu, huyu amekoma. Lakini yuko mwingine huko nisiyemjua, ana darasa na hana hela, na yuko mwenye fotokopi wa kumbania karatasi. Kila kilichokaa pembeni kitakatwa. Kilichokaa katikati ya sentensi hawawezi kukikata bila kukata somo lenyewe."

"Kwa hiyo unawarahisishia wezi wako?"

"Anayetaka kuniibia, aniibie na onyo langu," shangazi alisema. "Hata yeye sitaki aungue."

Meneja alivuta kiti akakaa upande wa pili wa meza, akaanza kumpangia kurasa zilizobaki. Mwalimu naye alisogea, akazikandamiza karatasi kwa viganja vyote viwili zisiteleze, na shangazi akaendelea kuchora mishale.